Archimedes, Mtu Aliyelipima Duara

Yapata mwaka 287 kabla ya kuzaliwa Kristo, alizaliwa mtoto mmoja katika mji wa Syracuse, akaitwa jina lake Archimedes. Mji huo uko katika kisiwa cha Sicily, kati ya bahari ya Mediterania, na siku zile wenyeji wake walikuwa Wayunani. Ulikuwa mji mkubwa wenye bandari njema na kuta nene za mawe. Upande wa kaskazini walikaa Warumi, ambao nguvu zao zilikuwa zikiongezeka mwaka kwa mwaka. Na upande wa magharibi, katika pwani ya Afrika, ulikuwako mji wa Carthage, adui mkubwa wa Roma. Syracuse ulikuwa katikati ya mafahali hao wawili.

Baba yake Archimedes aliitwa Phidias, naye alikuwa mtu wa kuzitazama nyota na kuzipima. Hivyo mtoto alikua katika nyumba ya mtu aliyezoea kupima vitu visivyofikiwa na mkono wa mwanadamu. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima aliwapita wote wa zamani zake kwa hesabu; tena alibuni mitambo mingi ya ajabu. Lakini kazi moja aliyoifanya kwa fimbo ya kuchorea na akili zake tu imefika hata leo katika kila shule duniani. Kazi hiyo ni kulipima duara.

Kila duara, likiwa kubwa au likiwa dogo, lina mzingo na kipenyo. Mzingo ni urefu wa ule mstari wa mviringo wenyewe. Kipenyo ni mstari ulionyoka upitao katikati, kutoka ukingo huu hata ukingo wa pili. Mdomo wa chungu kilichofinyangwa na Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, ukingo wa kihenge cha mahindi, na gurudumu la baisikeli, vyote vyafuata sheria moja: mzingo ni mara tatu ya kipenyo, na kitu kidogo zaidi. Duara likikua, kipenyo chake nacho hukua, lakini ile hesabu ya mara ngapi haibadiliki kamwe. Hicho kitu kidogo kilicho juu ya tatu ni kiasi gani? Hilo ndilo fumbo lililowashughulisha watu wa kale.

Huko Misri, yapata mwaka 1650 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja aitwaye Ahmose alinakili kitabu cha hesabu katika karatasi ya mafunjo. Ndani yake imo hesabu ya ghala ya nafaka iliyo ya mviringo. Kanuni yake ni kuondoa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, kisha kile kilichobaki kuzidishwa kwa chenyewe, ili kupata eneo la duara. Ghala yenye kipenyo cha dhiraa 9 huonekana kuwa na eneo la dhiraa 64 za mraba. Jibu hilo limezidi kidogo tu, wala kosa lake halifiki sehemu moja ya mia. Waebrania nao, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, walieleza habari za birika kubwa la shaba la mfalme Sulemani, ambalo upana wake ulikuwa dhiraa 10 na mzingo wake dhiraa 30, yaani mara tatu tu.

Vipimo kama hivyo vyafaa kwa masimulizi, lakini havimfai fundi. Fundi bati akitaka kutengeneza tangi la maji lenye kipenyo cha mita 2.10, naye akahesabu kwa mara tatu, atakata bati la urefu wa mita 6.30. Atakapolikunja ataona ncha mbili za bati hazikutani, bali zimeachana karibu sentimita 30. Bati limeharibika, na fedha ya watu imepotea. Kosa linaloonekana dogo katika ubao wa hesabu huwa kubwa katika kazi.

Archimedes alipokuwa kijana, yaelekea alivuka bahari akaenda Alexandria, mji mkuu wa Misri wa siku zile. Huko kulikuwa na nyumba kubwa ya vitabu, ambamo wenye elimu wa nchi nyingi walikutana, wakasoma na kuhojiana. Miongoni mwa rafiki zake wa Alexandria alikuwako Conon, mjuzi wa nyota. Na mwingine alikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika Afrika ya Kaskazini, ambaye baadaye aliupima mzingo wa dunia yote kwa kutazama vivuli vya jua. Husimuliwa pia kwamba ni huko Misri Archimedes alikobuni parafujo ya kupandishia maji: bomba lenye uzi mnene wa kuzunguka ndani yake, ambalo mtu akilizungusha, maji hupanda kutoka mtoni hata shambani. Wakulima wa Mto Nile waliitumia kwa mamia ya miaka.

Baadaye alirudi kwao Syracuse akakaa huko, lakini hakuacha kuwaandikia rafiki zake wa Alexandria. Kila alipogundua jambo jipya aliwapelekea habari zake, ili wao nao wajaribu kulithibitisha. Hata hivyo alitambua kwamba walikuwako watu waliojisifu kuwa wamegundua kila kitu, wala hawakutoa ushahidi wowote. Basi alifanya hila njema. Katika mambo aliyoyapeleka alitia mawili ambayo si ya kweli, na baada ya miaka mingi akayafichua katika kitabu chake. Kusudi lake lilikuwa kuwafunua wale wenye kujivuna, maana mtu adaiye kuwa ameuthibitisha uongo amejihukumu mwenyewe. Kwa Archimedes, neno la hesabu lisilo na uthibitisho halikuwa elimu, hata likisemwa na mtu mkubwa.

Kwa moyo huo huo alilishika fumbo la duara. Hakutaka kukisia, wala hakutaka kupima kwa kamba, kwa sababu alijua kwamba kamba hunyooka na kunyumbuka, na jicho la mtu hukosea. Alitaka kupata jibu kwa akili, jibu ambalo hakuna mtu awezaye kulikanusha.

Njia yake ilianza hivi. Mtoto akichomeka kijiti katika mchanga wa ziwani, akafunga kamba, na kwa ncha ya pili akachora duara, urefu wa kamba ile ni nusu kipenyo. Sasa akiichukua kamba ile ile na kuipigia hatua juu ya ukingo, kutoka alama hata alama, ataona ajabu: baada ya hatua sita kamili amerudi pale pale alipoanzia. Hatua hizo sita zafanya umbo la pande sita ndani ya duara. Nusu kipenyo mara sita ni kipenyo mara tatu. Lakini kila upande wa umbo hilo umekata njia ya mkato, na ukingo wa duara umezunguka kwa nje. Kwa hiyo ni hakika kwamba mzingo wa duara wapita mara tatu ya kipenyo.

Kisha Archimedes alichora umbo jingine la pande sita, na hili likalizunguka duara kwa nje, kila upande ukiligusa mahali pamoja tu. Mzingo wa umbo hili la nje ni mrefu kuliko wa duara, nao ni karibu mara tatu na nusu ya kipenyo. Basi duara limekamatwa katikati, kama ng'ombe aliye kati ya ua mbili: haliwezi kuwa fupi kuliko umbo la ndani, wala refu kuliko umbo la nje.

Lakini nafasi kati ya ua hizo mbili ilikuwa bado pana. Archimedes akaugawa kila upande, na maumbo yakawa ya pande 12. Ua wa ndani ukasogea nje, na ua wa nje ukasogea ndani. Akaongeza yakawa ya pande 24, kisha 48, kisha 96. Kila mara alilazimika kufanya hesabu ndefu za sehemu na za vipeuo. Wayunani wa siku zile hawakuwa na tarakimu hizi zitumikazo leo shuleni, wala hawakuijua desimali; hesabu zao waliziandika kwa herufi za alfabeti. Mtu akiikumbuka taabu hiyo atastaajabia uvumilivu wake.

Alipofika pande 96 alisimama, akatoa jibu lake. Alithibitisha kwamba mzingo wa duara ni mrefu kuliko kipenyo mara 3 na sehemu 10 za 71, na ni mfupi kuliko kipenyo mara 3 na sehemu 1 ya 7. Tofauti ya mipaka hiyo miwili ni sehemu moja tu ya 497 ya kipenyo. Duara likiwa na kipenyo cha mita moja, nafasi iliyobaki kati ya ua wa ndani na ua wa nje ni kama milimita 2.

Hapo ndipo heshima ya Archimedes inapoonekana. Angaliweza kuchagua hesabu moja nzuri, akawaambia watu kwamba ndiyo kweli yenyewe, nao wangalimwamini kwa sababu ya sifa zake. Hakufanya hivyo. Alionyesha mpaka wa chini na mpaka wa juu, akathibitisha kwamba kweli imo katikati yake, asidai zaidi ya hayo. Tena njia aliyoifungua haikuwa na mwisho, maana mtu yeyote mwenye saburi aliweza kuongeza pande na kuisogeza mipaka karibu zaidi.

Zaidi ya duara, alipima pia tufe, yaani umbo la mviringo pande zote kama mpira. Alithibitisha kwamba tufe likitiwa ndani ya mcheduara, ambao ni umbo kama la pipa lililonyoka, nalo likaugusa juu, chini na mbavuni, ujazo wa tufe ni theluthi mbili za ujazo wa mcheduara huo. Eneo la ngozi yake nalo ni theluthi mbili za eneo lote la nje la mcheduara. Ugunduzi huo aliupenda kuliko yote, akawaagiza jamaa zake kwamba atakapokufa wachore tufe na mcheduara juu ya kaburi lake.

Watu wa mjini, hata hivyo, walimsifu zaidi kwa mambo waliyoweza kuyaona kwa macho. Husimuliwa kwamba mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu ili amfanyie taji, kisha akamshuku kuwa ameiba dhahabu na kuchanganya fedha ndani yake. Archimedes aliombwa achunguze bila kuliharibu taji. Siku moja alipoingia katika birika la kuogea akaona maji yanafurika, naye akatambua kwamba kitu kilichozama husukuma maji kwa kadiri ya ukubwa wake. Kwa njia hiyo hila ya sonara ikajulikana. Yasemekana pia kwamba kwa kamba na makapi aliivuta peke yake merikebu yenye shehena iliyokuwa nchi kavu. Wavuvi wa Liuli na Mbamba Bay, wanaojua uzito wa mashua moja kuipandisha ufukoni, waweza kukadiria ajabu hiyo.

Mfalme Hiero alitawala zaidi ya miaka hamsini, na kwa muda mrefu alikuwa rafiki wa Warumi. Alipokufa mwaka 215 kabla ya Kristo, Warumi walikuwa katika vita vikali na Hannibal, jemadari wa Carthage. Waliomfuata Hiero walivunja urafiki na Roma, wakajiunga na Carthage. Warumi wakakasirika, wakamtuma jemadari wao Marcellus na jeshi kubwa la nchi kavu na la merikebu, kuuteka mji wa Syracuse.

Archimedes alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, wala hakuwa askari. Lakini mji wake ulikuwa hatarini, naye akatoa elimu yake kuutetea. Warumi walipoukaribia ukuta walipokewa kwa mawe makubwa yaliyorushwa na mitambo, mingine ya kufika mbali na mingine ya kufika karibu. Merikebu zilizosogea chini ya ukuta zilishikwa omo kwa makucha ya chuma yaliyoshushwa kwa minyororo, zikainuliwa juu, kisha zikaachiliwa ghafula zikapinduka. Mwishowe askari wa Roma wakawa na hofu nyingi, hata wakiona kipande cha kamba au ubao juu ya ukuta hukimbia, wakidhani Archimedes ameleta mtambo mwingine. Marcellus akaacha kushambulia, akauzingira mji apate kuushinda kwa njaa.

Mji ulisimama miezi mingi. Hata katika mwaka 212 kabla ya Kristo, wenyeji walikuwa wakifanya sikukuu, na walinzi walikuwa wamekunywa divai. Usiku huo Warumi walipanda ukuta kwa ngazi mahali palipokuwa pafupi, wakaingia. Baadaye mji wote ukatekwa na kutekwa nyara. Mitambo haikushindwa, waliolala ni walinzi.

Marcellus alikuwa ameamuru kwamba Archimedes asidhuriwe, maana alimheshimu ijapokuwa alikuwa adui. Lakini askari mmoja alimkuta mzee huyo akiwa ameinama, akitazama michoro yake ya hesabu. Katika makelele ya mji unaotekwa hakujua kwamba mauti yamefika mlangoni. Husimuliwa kwamba hakutaka kuondoka kabla ya kumaliza hesabu aliyokuwa nayo, na yule askari akakasirika, akamwua kwa upanga. Marcellus alipopata habari alihuzunika sana. Akawatafuta jamaa za Archimedes na kuwaheshimu.

Juu ya kaburi lake pakawekwa tufe na mcheduara, kama alivyoagiza. Lakini watu wa Syracuse wakamsahau. Mwaka 75 kabla ya Kristo, miaka 137 baada ya kifo chake, Mrumi mmoja aitwaye Cicero, aliyekuwa mtunza hazina katika Sicily, aliwauliza wenyeji liko wapi kaburi la Archimedes. Wakamjibu kwamba halipo. Cicero hakuridhika. Akatafuta katika makaburi nje ya lango la mji, na katika vichaka vya miiba akaona nguzo ndogo imejitokeza, juu yake tufe na mcheduara. Akawaita watu wenye miundu wakafyeka miiba, na kaburi likaonekana. Mgeni ndiye aliyewaonyesha wenyeji kaburi la mtu wao mkuu.

Vitabu vyake, kwa bahati njema, vilinakiliwa tena na tena, na kazi ya duara ikaendelezwa na mataifa mengi. Huko China katika karne ya tano baada ya Kristo, Zu Chongzhi alipata hesabu ya 355 kwa 113, ambayo ni sahihi kuliko zote za kabla yake. Huko Samarkand, mwaka 1424, Mwislamu mwanachuoni aitwaye al-Kashi alifikisha tarakimu 16 baada ya nukta. Mwaka 1706 William Jones, mtu wa Wales, aliipa hesabu hiyo alama ya herufi ya Kiyunani, π, isomwayo pai. Archimedes mwenyewe hakuitumia alama hiyo. Mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kwamba pai haiwezi kuandikwa kamili kwa sehemu yoyote ya hesabu nzima. Kwa hiyo hata 22 kwa 7, ijapokuwa yafaa sana kwa kazi, si pai yenyewe; ni ule mpaka wa juu wa Archimedes, nao umezidi kidogo. Pai huanza 3.14159, na tarakimu zake haziishi kamwe. Mitambo ya siku hizi imekwisha kuhesabu zaidi ya trilioni mia, na zote zimo kati ya ua zile mbili.

Faida yake yaonekana hata katika barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa zipatazo 66. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70 lina mzingo wa sentimita 220, kwa hesabu ya 22 kwa 7. Likienda njia hiyo huzunguka mara 30,000. Mtu akihesabu mizunguko hiyo, naye akatumia mara tatu tu ya watu wa kale, atasema kwamba njia ni kilometa 63. Naye atakuwa amepoteza kilometa tatu nzima bila kujua, ingawa kila mzunguko alikosea sentimita kumi tu.

Kuta za Syracuse zilitekwa, na mitambo iliyowatisha Warumi imeoza. Mipaka miwili ambayo mzee yule aliizungushia duara bado imesimama, wala hakuna jeshi lililoweza kuibomoa. Aliijenga kwa saburi, akaithibitisha hatua kwa hatua, wala hakudai kujua zaidi ya alivyojua.